MANENO YA MHARIRI: DEREVA PEKE YAKE KATIKA SAFARI NDEFU

Kila tunapomzika mwenzetu aliyekufa njiani, watu husimama kaburini wakasema, "Ajali haina kinga." Maneno hayo ni ya kuwafariji wafiwa, nasi hatumkatazi mtu kuyasema. Lakini chama cha wafanya kazi hakiwezi kuyaacha yawe ndiyo mwisho wa habari. Ajali nyingi za malori zina kinga, na kinga yenyewe yajulikana. Dereva aijua, tajiri aijua, na serikali pia yaijua. Katika kila mwaka wa 2021, 2022, 2023 na 2024 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Hatuwezi kusema kuwa wote hao waliitwa na siku yao tu.

Katika toleo hili twataka kusema juu ya dereva anayeendesha gari kubwa peke yake katika safari ndefu: kutoka bandari ya Mombasa hata Malaba au Busia, na wengine huendelea mpaka Kampala, Kigali au Juba. Twasema naye kwa sababu ndiye mwanachama wetu aliye mbali zaidi na wenzake. Mfanya kazi wa kiwandani akianguka, wa pembeni yake humwinua. Dereva akishikwa na usingizi kati ya Maungu na Voi saa tisa za usiku, hana wa kumgusa bega.

TANIBOI AMEKWENDA WAPI?

Wazee wetu wa kazi hii wakumbuka kwamba lori kubwa lilikuwa na watu wawili, dereva na taniboi. Taniboi hakuwa mzigo. Yeye ndiye aliyeweka kabari chini ya gurudumu, akashuka kutazama nyuma gari likirudi kinyumenyume, akalinda turubai wakati dereva amelala, akafungua nati za taili, akachemsha chai, na zaidi ya yote akazungumza. Mazungumzo yake yaliweka macho ya dereva wazi. Tena taniboi alikuwa mwanafunzi: madereva wengi hodari walio barabarani leo walijifunza kazi wakiwa mataniboi.

Siku hizi matajiri wengi wamemwondoa ili kupunguza gharama. Wasema kontena imefungwa kwa kufuli ya elektroniki ya ushuru, gari ni jipya, na kuna mtambo unaowaonyesha afisini mahali gari lilipo. Hayo yote ni kweli. Lakini mtambo waonyesha mahali lilipo gari, hauonyeshi dereva amelala masaa mangapi. Wala kufuli haishuki kuweka kabari. Jifya moja haliinjiki chungu. Na mtu mmoja aliyepewa kazi ya watu wawili mwisho hulipa kwa mwili wake.

HESABU YA BARABARA

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu haina upendeleo kwa tajiri wala kwa mfanya kazi.

Kutoka Mombasa hata Nairobi ni kadiri ya kilomita 480. Kutoka Mombasa hata Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Sheria haikubali gari kubwa la mizigo lipite mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Lakini kila dereva ajua kwamba 80 si mwendo wa safari nzima. Kuna mizani ya Mariakani, ya Athi River, ya Gilgil na ya Webuye. Kuna matuta, kuna miji, kuna foleni ya Mlolongo, mahali palipopata jina lake kwa mistari ya malori yenyewe. Kuna milima ambapo gari lenye tani nyingi hutambaa. Dereva akipata kilomita 45 kwa kila saa, amekwenda vizuri.

Basi gawanya. Kilomita 480 kwa 45 ni masaa kumi na nusu na zaidi, na hapo umefika Nairobi tu. Kilomita 900 kwa 45 ni masaa 20 ya kushika usukani, bila kuhesabu kula, wala mizani, wala kungoja mpakani.

Sasa tazama sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, yasema dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya masaa 8 katika kila masaa 24. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, uliotolewa mwaka 1979 kwa ajili ya madereva, wasema dereva asiendeshe zaidi ya masaa 4 mfululizo bila kupumzika, na apate angalau masaa 10 ya mapumziko yasiyokatizwa kwa siku.

Kwa hiyo dereva mmoja anayefuata sheria hawezi kutoka Mombasa akafika Nairobi siku moja na mzigo mzito. Atalala njiani. Na hawezi kufika Malaba kabla ya siku ya tatu. Tajiri anayempigia dereva simu akiwa Mtito Andei, akamwuliza kwa nini hajafika Nairobi, na siku ya pili akamwuliza kwa nini hajafika mpakani, anamwuliza kwa nini hajavunja sheria. Twaomba wanachama wayashike maneno haya vizuri, ili wakiulizwa wajue la kujibu.

USINGIZI SI UVIVU

Wako madereva wanaoona haya kusema wamechoka. Wafikiri dereva mwanamume ni yule anayetoka Mombasa jioni akanywa chai ya asubuhi Nairobi. Ndugu zetu, usingizi haushindwi kwa ushujaa. Ni kama njaa na kiu: mwili hudai haki yake, na ukinyimwa hujitwalia wenyewe.

Wataalamu wamepima jambo hili. Mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu aliye na miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Akikaa masaa 24, ni kama aliye na miligramu 100. Dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akashinda mchana bandarini akingoja kupakiwa, akaondoka saa nne usiku, ameanza safari tayari yuko katika hali ya mlevi, ijapokuwa hajagusa hata chupa moja. Polisi wana alkoblo ya kupima pombe. Alkoblo ya usingizi haipo. Wewe mwenyewe ndiye uwe kipimo.

Jueni pia saa za hatari. Mwili wa binadamu hupungua nguvu sana kati ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili za alfajiri, na tena kidogo kati ya saa nane na saa kumi za mchana. Ukitembea kilomita 80 kwa saa, gari lako linakata mita 22 katika kila sekunde moja. Ukisinzia sekunde nne tu, umekwenda mita 88 bila dereva. Hapo kama kuna lori lililoharibika barabarani, au familia inavuka, hakuna mtu aliyeshika usukani.

Dalili ni hizi: kupiga miayo mara kwa mara, macho kuwasha, kukosa kukumbuka kilomita chache zilizopita, gari kugusa ukingo wa lami, kuona vitu visivyokuwako mbele. Ukiona moja tu, usifungue dirisha wala usiongeze sauti ya redio ukadhani umepona. Hizo zasaidia dakika chache tu. Tafuta mahali salama, simama, funga milango, ulale. Hata dakika 20 zafaa kukufikisha pahali pa kulala sawasawa. Kahawa au chai ya rangi huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Kwa hiyo ukiwa nayo, kunywa kwanza, kisha ulale zile dakika 20, nayo itakukuta ukiamka.

Juu ya miraa twasema wazi, ingawa wengine hawatapenda. Miraa haiondoi uchovu, yauficha tu. Deni la usingizi labaki pale pale, na miraa ikiisha deni lote hudaiwa kwa mara moja, mara nyingi alfajiri, saa ile ile mwili ulipo dhaifu. Vidonge vya kukesha ni vibaya zaidi. Na dereva anayekoroma sana usiku, kisha akaamka amechoka kana kwamba hakulala, aende hospitali akapimwe, maana hiyo yaweza kuwa ni maradhi, na yana matibabu.

MITELEMKO

Njia yetu yaanzia baharini ikapanda hata zaidi ya mita 2,500 pale Timboroa, kisha ikashuka tena kwenda Malaba. Kila kilichopandishwa lazima kiteremshwe. Ndiyo sababu majina ya Mai Mahiu, Kinungi, Salgaa na Sachangwan yajulikana kwa machozi. Pale Sachangwan tarehe 31 Januari 2009, kama inavyokumbukwa na watu wote wa Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuteka mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 10 Disemba 2016 pale Karai, karibu na Naivasha, gari lililobeba kitu cha kushika moto liligonga magari mengine likalipuka, watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023 pale njia panda ya Londiani, lori liliacha barabara likawaingilia watu waliokuwa kando ya njia, na zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Wengi wa waliokufa katika siku hizo hawakuwa madereva. Walikuwa wachuuzi, abiria na wapita njia.

Kanuni ya mtelemko ni ya zamani na haijabadilika: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si baada ya gari kushika kasi. Acha injini ilizuie gari, na breki ya miguu iwe ya kusaidia tu. Ukikanyaga breki mfululizo, ngoma za breki hupata moto, na breki zilizopata moto hazishiki. Tena ukipampu ovyo, upepo huisha katika matangi kuliko unavyojazwa. Tazama saa ya upepo kabla ya kilele. Kama ni chini, simama, ngoja ijae. Ukisikia harufu ya breki kuungua, simama mahali tambarare, weka kabari, na usimwage maji baridi juu ya ngoma za moto.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo madereva hulizungumza kwa kunong'ona: kuweka gari nyutro katika mtelemko ili kubakiza dizeli. Twajua kwa nini hufanywa. Dereva amepewa mafuta ya kipimo, mshahara ni mdogo, na lita chache zikibaki ni mboga ya watoto. Lakini gari la tani 40 au 50 likiwa nyutro halina injini ya kulizuia. Limebaki na breki peke yake, nazo hazitoshi. Na liko jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Injini za siku hizi, zikiwa ndani ya gia katika mtelemko na mguu haujagusa mafuta, hazinyunyizi dizeli hata tone. Zikiwekwa nyutro ndipo zanywa dizeli, ili zisizimike. Basi katika gari jipya nyutro haibakizi kitu. Yaleta hatari bure.

Na kama lori la mafuta limepinduka, lako au la mwenzako, kazi ya kwanza baada ya kujiokoa ni kuwafukuza watu: mbali, kinyume cha upepo, bila sigara na bila simu mkononi. Usione haya kupiga kelele. Wale wa Sachangwan wangekuwa hai leo.

PAHALI PA KULALA

Dereva wa peke yake ana adui wawili usiku, naye ana macho mawili tu. Akilala, mzigo hauna mlinzi. Akilinda mzigo, hakulala. Asubuhi kufuli ikionekana imeguswa, dereva ndiye wa kwanza kukamatwa, ijapokuwa yeye ndiye aliyeibiwa.

Kwa hiyo chagua pahali pa kulala kabla ya kuondoka, si wakati macho yamekwisha kufumba. Ujue katika akili yako: leo nalala Mtito Andei, au Makindu, au Emali, kesho Naivasha au Nakuru. Chagua uwanja wenye taa, walinzi na malori mengine. Uliza bei mapema. Egesha gari lako mlango wa kontena ukiwa karibu na ukuta au karibu na kontena ya mwenzako, ili usifunguke. Piga picha ya kufuli kwa simu yako jioni na tena asubuhi, kabla hujawasha injini. Picha yenye saa na tarehe imewahi kuwa shahidi mzuri kuliko maneno mengi.

Usipokee chakula, soda wala sigara kutoka kwa mtu usiyemjua, hata akiwa mcheshi namna gani. Chupa uliyoiacha mezani usiirudie. Usimwambie mtu umebeba nini wala unakwenda wapi. Usimpakie abiria asiyejulikana, hata akikuambia ni askari au ni mgonjwa. Mgonjwa wa kweli mpigie polisi au hospitali. Simu yenye fedha ya M-Pesa ilindwe kama mfuko wa mshahara, kwa kuwa wezi wa siku hizi huulizia namba ya siri kabla ya kuulizia mzigo. Na kama umewekewa silaha, mpe mwizi anachotaka. Mzigo una bima. Hakuna tajiri aliyewahi kumnunulia mjane mume mwingine.

Ukisimamishwa usiku mahali pa giza na watu wasio na gari la polisi linaloonekana, washa taa zote, punguza mwendo, usizime injini, funga milango, ongea kupitia dirisha lililofunguliwa kidogo, na uombe kuonyeshwa kitambulisho cha kazi. Waambie kwa heshima utasimama kwenye kituo kilicho mbele. Namba za polisi za dharura ni 999 na 112.

GARI LIKIHARIBIKA

Magari mengi hugonga malori yaliyosimama gizani. Lori likikufia, jitahidi litoke katika lami kabisa. Washa taa za dharura. Weka kabari. Chukua alama za pembe tatu zinazong'aa, uende nazo ukizishika kifuani ili wanaokuja wakuone. Weka moja nyuma hatua 100 au zaidi, na kwenye kona au kilima weka mbali zaidi. Matawi ya miti ni desturi yetu ya zamani, nayo hayakatazwi kusaidia, lakini matawi hayang'ai usiku. Tena ukiondoka usiyaache barabarani.

Vaa koti linalong'aa. Usikae ndani ya kabini kama gari liko njiani. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake ukiwa huna mtu wa kukutazama. Ngoja mwenzako apite. Katika Tsavo, kuanzia Voi hata Mtito Andei, usitembee usiku kutafuta msaada, maana ndovu na simba hawajui chama. Nao ndovu huvuka barabara ile usiku. Ukimwona mmoja, tazamia wengine nyuma yake. Kati ya Naivasha na Gilgil punda milia hufanya hivyo hivyo.

Maji ya kunywa lita tano, tochi, betri ya akiba ya simu, sanduku la dawa na kizima moto: vitu hivi visitoke garini. Jua la Mackinnon Road halina huruma kwa mtu aliyeharibikiwa na gari bila maji.

TUNALOTAKA KWA MATAJIRI

Mpaka hapa tumesema na dereva. Lakini ingekuwa si haki kumwambia dereva alale, halafu tukanyamaza juu ya yule anayemnyima usingizi. Dereva aliyeahidiwa zawadi ya fedha kwa kila safari ya ziada amewekewa mtego. Dereva asiyepewa fedha ya malazi atalala juu ya usukani. Dereva asiyelipwa siku za kungoja mpakani, kama wale waliokaa Malaba katika mistari mirefu wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, atataka kufidia siku hizo kwa kukimbia. Haya hayatengenezwi kwa mabango ya "Endesha kwa uangalifu". Yatengenezwa mezani, katika mapatano.

Kwa hiyo chama chataka mambo haya yaandikwe katika kila mapatano ya kazi ya madereva wa safari ndefu:

1. Safari yoyote isiyoweza kumalizika katika masaa 8 ya kuendesha iwe na madereva wawili, au iwe na siku za kulala zilizoandikwa katika karatasi ya safari.

2. Taniboi arudishwe katika magari ya mizigo mizito na ya hatari, naye awe mfanya kazi mwenye barua ya kazi na mshahara wake, asiwe wa kuokotwa njiani.

3. Malipo yawe kwa mwezi na kwa siku zilizofanywa kazi, pamoja na siku za kungoja bandarini, kwenye mizani na mpakani. Zawadi ya haraka iondolewe.

4. Fedha ya malazi na ya uwanja wenye mlinzi itolewe kabla ya safari, isikatwe katika mshahara.

5. Gari lisitoke bila breki, taa, taili na alama za hatari kuangaliwa, na dereva apewe nakala ya karatasi ya ukaguzi.

6. Dereva anayesimama kwa sababu ya usingizi au ya ubovu wa gari asiadhibiwe.

Hakuna hata moja hapa ambalo ni anasa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa kila mfanya kazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yasema mfanya kazi akitoa habari ya hatari kubwa iliyo mbele yake, tajiri asimrudishe kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kabini ya lori ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo. Breki mbovu ni hatari kubwa. Na dereva ambaye hajalala ni hatari kubwa vile vile.

Matajiri watasema hawana fedha, na kwamba ushindani wa reli na wa makampuni mengine umewabana. Twawajibu hivi: lori likianguka Salgaa, gharama ya gari, ya mzigo, ya kesi na ya jina kuharibika yaweza kumlipa taniboi miaka mingi. Tajiri mwenye akili atafanya hesabu hiyo yeye mwenyewe.

KAZI YA WANACHAMA

Haifai kungoja mapatano ndipo tuanze. Yako tunayoweza kufanya leo bila ruhusa ya mtu.

Kwanza, kila dereva anayesafiri peke yake awe na mwenzake mmoja wa chama, anayejua ameondoka saa ngapi, atalala wapi, na atapiga simu saa ngapi. Simu isipopigwa, mwenzake aanze kuuliza. Wala msizungumze gari likiwa linakwenda. Piga ukiwa umesimama. Mtu aliye mbali hawezi kuwa taniboi, lakini aweza kujua mapema kwamba taabu imetokea.

Pili, pangeni safari zenu mwende magari mawili au matatu pamoja inapowezekana, na mlale uwanja mmoja. Mmoja akichoka, wote wasimame. Hii ndiyo maana ya neno chama.

Tatu, kila mtu aandike katika daftari lake mwenyewe saa ya kuondoka, saa ya kusimama na amri alizopewa kwa simu. Ujumbe wa tajiri unaosema "fika leo" usifutwe. Katibu wa tawi hawezi kwenda kuzungumza na tajiri akiwa na manung'uniko tu mkononi. Ampe masaa, tarehe na namba ya gari.

Nne, ukiumia kazini, hata kidogo, mjulishe tajiri kwa maandishi upesi na umpe katibu wa tawi nakala. Chini ya sheria ya fidia ya mwaka 2007, ajali isiyojulishwa tajiri katika miezi 12 hupoteza haki yake. Tumeona mgongo ulioanza kuuma kidogo ukawa ulemavu, na karatasi haikuwako.

Tano, mke, mume au mzazi wa dereva ajue jina la katibu wa tawi na namba yake ya simu. Mara nyingi sisi ndio wa mwisho kupata habari.

Ndugu Wanachama, iko methali nyingine yenye neno lile lile tulilolianzia: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja cha moto kikiwekwa peke yake huzimika. Dereva mmoja akimwambia tajiri, "Silali njiani bila malipo ya malazi," ataambiwa wako wengine mlangoni wanaotaka kazi. Madereva wote wa uwanja mmoja wakisema neno hilo siku moja, litasikiwa.

Mambo haya sita yataletwa mbele ya mikutano ya matawi yote. Yasomeni katika viwanja vya malori, msomeeni asiyejua kusoma, na mlete maoni yenu. Na usiku wa leo, mwenzetu uliye peke yako njiani, macho yakianza kuwasha, simama ulale. Mzigo utafika kesho.

UMOJA NI NGUVU.

Mhariri